Jibu Chini ya Plasta

"Mama, kumbe bado mnatumia gundi ya unga?"

Fundi aliisikia sauti hiyo akiwa chumba cha nyuma, msasa mkononi, na mkono ukasimama wenyewe. Alikuwa analainisha barakoa ya simba iliyoagizwa na kikundi cha maigizo. Simba akabaki na shavu moja laini na jingine lina mikwaruzo, na Fundi akabaki ameutolea mlango macho kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Tutumie ya nini, ya mawe?" Mama yake akajibu kule mbele dukani. "Gundi ya unga haijamuua mtu. Na wewe umetokea wapi? Nilidhani njia ya hapa umeshaisahau."

"Nitaisahauje, Mama?"

Ni yeye. Hakuna mwingine mwenye sauti ile inayokwaruza kidogo mwishoni, kama vile kila sentensi inataka kugeuka kicheko. Karakana nzima ilimwita Brashi kwa sababu enzi zile hakukosa brashi nyuma ya sikio, hata akitumwa mkate. Fundi aliumba nyuso kwa karatasi na gundi, Brashi akazipaka rangi, na walikaa meza moja miaka mingi kiasi kwamba wateja walidhani ni ndugu. Kisha siku moja Brashi akafungasha rangi zake, akafuatana na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikizunguka miji, na hakurudi.

Fundi akajitazama. Kucha zina unga mkavu, gauni la kazi lina madoa ya kila rangi, kichwani kitambaa cha kuzuia vumbi. Siku zote alizojipamba kwa kutumaini kwamba huenda leo atatokea, hakutokea. Amengoja mpaka leo! Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaongezea vumbi badala ya kulipunguza, akapiga moyo konde na kutoka.

Duka lao lilikuwa dogo na kuta zake hazikuonekana kwa barakoa. Upande wa kushoto zilikuwa za kuvaa, nyepesi, zimewekwa kitambaa laini kwa ndani na mpira wa kupitisha nyuma ya kichwa. Upande wa kulia zilikuwa za kutundika, nzito, zimepigwa vanishi hadi zinang'aa, nyingine zina manyoya na ushanga, na nyuma ya kila moja kuna kitanzi cha waya. Katikati ya nyuso zote hizo, Brashi alikuwa amesimama na uso wake mwenyewe. Alikuwa amekonda kidogo. Nyuma ya sikio hapakuwa na kitu.

"Fundi," akasema.

"Karibu," Fundi akajibu.

Walitazamana. Tusidanganyane, mtu anaweza kujiapia miaka nenda miaka rudi kwamba amesahau, lakini macho yana akili zake. Macho ya Fundi yalikwenda moja kwa moja kwenye kovu dogo la kidevuni, alilolipata Brashi siku ngazi ilipomwangusha akitundika barakoa ya bundi. Lilikuwa lipo pale pale.

"Na huyu," Brashi akasema haraka, akigeuka pembeni, "ni Mwalimu. Mchumba wangu."

Hapo ndipo Fundi alipomwona mwanamke aliyekuwa ameinama akiichungulia barakoa ya sungura. Aliinuka akitabasamu, leso mkononi, pua nyekundu kwa mafua. Alikuwa na uso wa kupendeka, ule ambao hata ukitaka kuuchukia unakosa pa kuanzia.

"Dada, nimesikia habari zako mno!" Mwalimu akasema. "Huyu akinywa chai lazima akutaje. Fundi alifanya hivi, Fundi alikuwa na mikono hivi. Nikamwambia, basi nipeleke nikamwone huyo Fundi, au umemtunga."

Mama akakohoa. Hakuwa na mafua.

"Karibu, Mwalimu," Fundi akasema. "Nipo. Hajanitunga."

Mwalimu alieleza shida yao. Alifundisha watoto wa chekechea, na watoto hao walikuwa wameahidiwa kwamba kwenye sherehe ya harusi maharusi wataingia wamevaa barakoa, halafu watazivua mbele yao. Lakini hakutaka za simba na sungura. Alitaka nyuso zao wenyewe, zilizochukuliwa usoni, kisha zipambwe. Baada ya sherehe zingetundikwa sebuleni.

"Mtu wa kuzungukazunguka huyu," akasema akimgusa Brashi bega. "Akiwa safarini, nataka niwe na uso wake ukutani nigombane nao."

Wote wakacheka, hata Mama. Fundi naye alicheka, akijikaza kisabuni.

"Mimi nitakuja mafua yakiisha, maana huyu ameniambia lazima mtu apumue kwa pua. Leo mfanyie yeye. Sisi na Mama tutachagua manyoya."

"Kwa hiyo leo ni yeye tu," Fundi akasema.

"Ni mimi tu," Brashi akasema, akiangalia sakafu.

Mama alimtazama binti yake. Alikuwa mama wa maneno mengi, na zamani maneno hayo mengi yalimwendea Brashi. Mtu wa rangi, alikuwa akisema, leo bluu, kesho nyekundu, utamshika wapi? Alikuwa na mtu wake aliyemtaka awe mkwe, mwenye duka la vitambaa, mtu mzito kwa mwili na kwa mazungumzo. Fundi alimkataa yule, Brashi akaondoka mwenyewe, na nyumba ikabaki na wanawake wawili na nyuso za karatasi. Tangu hapo Mama hakutaja tena habari za rangi.

"Nendeni basi," Mama akasema taratibu. "Plasta ipo kwenye ndoo ya kijani."

*

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, benchi la kulalia lililofunikwa godoro jembamba, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Fundi alikata bandeji za plasta vipande vipande, akavipanga. Akaweka beseni la maji ya uvuguvugu. Alifanya yote hayo bila kugeuka.

"Hujabadilisha kitu," Brashi akasema. "Hata ndoo ni ile ile."

"Lala."

"Fundi..."

"Lala, Brashi. Mchumba wako ana mafua, asikae sana."

Alilala. Fundi akamfunga kitambaa kuzuia nywele, akachota mafuta ya mgando na kuanza kumpaka: paji la uso, nyusi, kope, ndevu za asubuhi ile. Alizoea kupaka nyuso za watu. Kwa siku za kazi nyingi alikuwa akiwapaka waigizaji huku akiwaza chakula cha jioni. Lakini uso huu haukumpa nafasi ya kuwaza kitu kingine. Alipofika kwenye kovu la kidevuni, kidole kilichelewa kuondoka, na Brashi akafumbua macho.

"Fumba," Fundi akasema. "Alama unazikumbuka?"

Brashi akainua kidole gumba. "Niko salama, endelea." Kisha akainua kiganja, wazi, vidole vimenyooka. "Simama."

"Vizuri."

Alama hizo zilianzishwa na marehemu baba yake Fundi, maana mtu aliyezibwa macho na mdomo hana lugha nyingine ila mkono wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuzichezea. Mteja akiinua kiganja, hata kama ni kwa kutaka kujikuna, kazi inasimama na plasta inatoka.

"Ukishafunikwa mdomo usiseme wala usicheke," Fundi aliongeza. "Pua nitakuachia."

"Na wewe utaongea?"

"Niongee nini?"

Hakungoja jibu. Alilowesha kipande cha kwanza akakilaza kwenye paji la uso, kingine shavuni, kingine shavu la pili. Alisawazisha kwa ncha za vidole hadi vitundu vya bandeji vikazibwa. Macho yakapotea. Kidevu kikapotea na kovu lake. Mwisho akakifunika kinywa, na alipokifunika, kwa mara ya kwanza tangu aisikie sauti ile, akapumua.

Sasa Brashi hakuweza kumtazama. Sasa hakuweza kumjibu. Kule mbele Mwalimu alikuwa akicheka kwa sauti iliyozibwa na mafua, na Mama anamwonyesha manyoya. Plasta ilihitaji muda wa kukauka. Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha Brashi, mikono mapajani, na yale yaliyokuwa yamemkaa rohoni yakapanda yenyewe.

"Nimekuwa na hasira na wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Unanisikia?"

Kidole gumba kikainuka.

"Si kwa kuondoka. Watu huondoka. Nina hasira kwa sababu ya siku ile uliyonilaza hapa. Ulikuwa unajifunza kuchukua uso, nikakuambia basi jifunzie wangu. Ukanifunika macho, ukanifunika mdomo, halafu ndipo ukaniuliza."

Kidole gumba kikashuka polepole.

"Uliniambia, Fundi, nataka nikuoe, utakubali? Nikiwa sina mdomo! Miaka na miaka tunakaa meza moja, tunakula pamoja, tunagombania mkasi mmoja, hukusema. Ukangoja nizibwe. Nimewaza sana jambo hilo, Brashi. Nikajiambia, mwanamume anayemuuliza mtu swali akiwa hawezi kujibu, hataki jibu. Alikuwa anajaribu maneno yanasikikaje. Alikuwa ananichezea."

Mkono wa Brashi uliinuka kutoka kifuani. Kiganja kilikuwa wazi, vidole vimenyooka.

Fundi akaruka kutoka kwenye kigoda. "Pumzi? Unakosa pumzi?"

Kidole kikatikisika kukataa.

"Inakuunguza?"

Kikakataa tena. Akaonyesha gumba: yuko salama. Halafu tena kile kiganja, wazi. Halafu akamnyooshea Fundi kidole.

"Mimi nimefanyaje?"

Kiganja. Kidole kwake. Kiganja tena, safari hii kwa nguvu.

"Mimi..." Fundi akasema. "Unasema mimi siku ile?"

Kidole gumba.

"Mimi siku ile niliinua kiganja."

Kidole gumba kikabaki juu hakishuki.

Alikikumbuka. Alikikumbuka wazi kabisa. Alikuwa gizani, plasta inaanza kupata joto, maneno ya Brashi yamemwingia sikioni na moyo umemruka, na akainua mkono kwa haraka yote aliyokuwa nayo duniani. Simama. Toa kitu hiki usoni mwangu. Nina la kusema.

"Nilikuwa nakuambia usimame na plasta!" Fundi akasema, na sauti ikamponyoka. "Brashi! Nilitaka uitoe nikujibu! Wewe ukadhani nakukataza wewe?"

Kidole gumba kikakunjika kikawa ngumi, na ngumi ikashuka kifuani kwake ikatulia hapo. Chini ya plasta kitu kilisogea. Upande mmoja wa mdomo uliinuka, ukashuka, na mstari mwembamba wa ufa ukapita kutoka puani hadi kidevuni.

"Usiseme," Fundi alisema, lakini alikuwa amechelewa, na hata hivyo hakumaanisha.

*

Alimwambia akunje uso ili plasta iachie, akaishika pembeni na kuivuta. Brashi aliketi. Uso ulikuwa mwekundu, una mafuta na makombo meupe, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilidhani umeniambia niishie hapo hapo," akasema.

"Nilikuambia uishie hapo hapo. Na plasta."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Kiganja wazi maana yake simama! Unajua tangu siku ya kwanza!"

"Ndiyo maana nilisimama!"

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili kabla hawajajua. Walicheka kwa kuibana midomo, mabega yakitikisika, kama walivyocheka zamani wakimteta mteja. Kisha Fundi akagundua kwamba yeye hacheki tena.

"Ulinitoa plasta ukiwa umenigeuzia uso," akasema akijifuta machozi kwa kitambaa cha kazi. "Nikaenda kunawa, maana nilikuwa na mafuta hadi kopeni. Sikutaka kukujibu nikiwa vile. Nilirudi, nimejifuta, hata nywele nimezirekebisha. Ukawa unaosha brashi. Ukaniambia, yameisha, tusiyataje tena."

"Nilikuwa nakupunguzia aibu."

"Na mimi nikajua ilikuwa mzaha."

"Mzaha! Sikulala usiku uliotangulia nikiyapanga maneno yale." Brashi alijishika kichwa. "Nilikuuliza umezibwa kwa sababu nilikuwa naogopa uso wako, Fundi. Ukiwa unanitazama nilikuwa nasahau. Nikasema, ngoja asinitazame kidogo tu, niseme. Sikuwaza kwamba hutaweza kujibu. Naapa sikuwaza."

Fundi hakuwa amewahi kufikiria hivyo. Katika miaka yote ya kulichambua jambo lile alimpa Brashi kila sababu mbaya, na hakumpa hata siku moja sababu ya woga.

"Ungeniuliza tena," akasema.

"Ungenijibu tu, hata bila kuulizwa."

"Nilikuwa na kiburi."

"Mimi je? Nilijua umemsikiliza Mama. Nikajiambia, anataka mwenye duka la vitambaa, mwache. Kikundi kilipopita nikaondoka nacho. Kila mji niliofika nilitazama barakoa za mafundi wenzako zinazouzwa, nikawa nasema hii mbaya, hii mbaya, mpaka watu wakaniona nina wazimu." Alimgeukia. "Lilikuwa jibu gani?"

Fundi aliokota bandeji iliyobaki mezani, akaikunja, akaikunjua.

"Unauliza sasa."

"Nauliza sasa. Huna kitu mdomoni."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Lilikuwa ndiyo, Brashi. Nilishasema ndiyo moyoni kabla hujamaliza swali."

Alilisema na likamwuma. Miaka yote alidhani neno hilo likishatoka atapata nafuu. Lilitoka, likakaa pale kati yao, na hakuna aliyejua la kulifanya. Brashi alifunika macho kwa viganja vyake, mafuta na makombo yakasambaa.

"Mwalimu ni mtu mwema," akasema kutoka nyuma ya viganja.

"Nimemwona. Ni mwema."

"Hajanikosea kitu."

"Najua."

Brashi aliinuka, akaenda mezani. Alikuwa mtu wa kazi hii, na macho yake yalikwenda yenyewe kwenye ile kalibu ya plasta, ganda lililoshika umbo la uso wake, iliyokuwa imelala chali. Akaiinamisha dirishani ili mwanga uingie ndani. Kwa ndani, paji la uso lilikuwa zuri, mashavu mazuri, kovu limeshika vizuri. Mdomo ulikuwa umepinda. Upande mmoja umeinuka, mwingine umeanguka, na katikati umepita ule ufa. Ulikuwa mdomo wa mtu anayetaka kulia na kusema kwa pamoja.

"Imeharibika," akasema.

"Nimeona."

"Itabidi ichukuliwe upya." Aligeuka. Sauti yake ilishuka ikawa karibu mnong'ono. "Nitarudi kesho. Peke yangu. Mwalimu kesho yupo shuleni. Utanichukua uso tena, na tutazungumza, Fundi. Tutazungumza tuone. Bado hatujaoana, mimi na yeye. Kuna mambo yanaweza kuzungumzika."

Fundi aliyasikia maneno hayo mwili mzima. Alitaka kesho. Alitaka kesho kwa tamaa ambayo ilimtia aibu. Alijiona amepasha maji, amepanga bandeji, ameyashika tena mashavu haya bila ya mtu kucheka chumba cha pili. Na alijua, kama mtu mzima anavyojua, kwamba kesho hiyo ingekuwa na kesho yake.

"Nikirudi utanifungulia?" Brashi akauliza.

Kabla hajajibu, pazia likavutwa. Mwalimu aliingia na fungu la manyoya ya kijani mkononi, Mama akimfuata nyuma.

"Tumechagua!" Mwalimu akasema, kisha akamwona Brashi. "Masikini, tazama macho yako. Alihangaika, dada?"

"Kidogo."

"Nilijua tu." Alimwendea Brashi, akatoa leso safi mfukoni na kuanza kumfuta makombo nyusini, bila haraka, kama anavyowafuta watoto wake wa shule. "Anaogopa sana kuzibwa uso, hakukuambia? Alizibwa uso kwa shuka akiwa mdogo, wenzake wakicheza, hadi leo hawezi hata kujifunika blanketi kichwani. Tumekuwa tukifanya mazoezi kila jioni, mimi namwekea taulo la uvuguvugu usoni, namshika mkono, tunahesabu. Mwanzoni alikuwa anaruka. Nikamwambia, mume wangu, kama hutaki tuache, tutavaa za sungura. Akasema hapana, kwa Fundi nitalala."

Fundi alimtazama Brashi. Walikaa meza moja miaka yote ile, na kila alipomwambia lala nikuchukue uso, Brashi alitoa mzaha na kukimbia. Naye alicheka. Hakuwahi kumwuliza kwa nini. Mwanamke huyu aliuliza, akapasha taulo moto.

Brashi alimwinulia Mwalimu kidevu. Alikuwa ametulia chini ya leso, macho yamefumbwa, na hakuwa anaruka.

"Haya, nionyeshe basi," Mwalimu akasema. "Imetokaje? Au arudi tena?"

Brashi alifumbua macho, na macho hayo yakamtazama Fundi, yakangoja. Fundi aliichukua kalibu mezani, akaigeuza upande wa mgongo juu, pale ambapo mtu asiye wa kazi haoni ila bandeji nyeupe zilizokauka. Mikono yake ilitulia, nayo ilimshangaza.

"Imetoka vizuri," akasema. "Hana haja ya kurudi."

Brashi aliinamisha kichwa. Mwalimu alipiga makofi kwa furaha, akapiga chafya, akaomba radhi. Waliaga. Mlangoni Brashi alisimama, akamtazama Fundi mara moja, akatoka. Kengele ya mlango wa duka ililia, kisha ikanyamaza.

Mama alibaki ameshika pazia. Alikuja mezani, akaigeuza kalibu na kuitazama ndani kwa muda.

"Mbona mdomo umepinda?"

"Nitaunyoosha kwa mkono."

"Utaunyooshaje, na mwenyewe umemwambia asirudi? Mdomo wa mtu huukisii hivi hivi, mwanangu. Utajuaje ulivyo?"

Fundi alivuta kigoda, akakaa, akachovya kidole kwenye maji.

"Naujua, Mama," akasema.

Mama aliiweka kalibu mbele ya binti yake taratibu. Alivuta kigoda cha pili akakaa karibu naye, akamshikia kalibu hadi jirani akawasha taa.